Diski Tupu Hudanganya

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita niliwaachia kalamu ikiwa mkononi mwangu na wifi yangu amesimama nyuma ya kiti changu. Leo nawaambia nilichofanya. Nilitia sahihi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kupima kasi ya diski za kompyuta, zile mpya za SSD zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Kampuni yetu huziagiza kwa makatoni na kuziuza maofisini. Kabla hazijatoka, chache huletwa kwenye chumba changu kisicho na dirisha. Nazipima, naandika ripoti, natia sahihi.

Wenzangu wananiita Sekunde. Siiamini programu ya kupimia peke yake. Ninayo saa ya kuhesabia sekunde, ya kushika mkononi, kama ya mwalimu wa riadha.

Programu hupeleka faili moja dogo kwenye diski tupu, kisha hukupa namba ya kujivunia. Mimi huijaza diski kwanza, robo tatu yake, kama itakavyokuwa kwa mteja baada ya muda. Ndipo ninanakili mafaili ya kweli, mengi kwa mpigo, huku nikifungua mengine. Diski nzuri huhema kidogo ikaendelea. Diski mbaya hulala.

Zile za hospitali zililala.

Boksi lilisema megabaiti elfu tatu na mia tano kwa sekunde, na programu ikakubaliana na boksi. Nilipozijaza, zilikimbia kwa sekunde chache, halafu zikaporomoka hadi themanini. Kazi ya dakika moja ilichukua dakika kumi na tisa.

Wifi yangu ndiye mkuu wa mauzo. Aliniambia niandike namba ya kwanza, hiyo ya pili niimeze. Nilipokataa, akanikumbusha jambo tunalolijua sisi wawili tu: cheti nilichoombea kazi hii ni cha kughushi. Mtihani wa mwisho wa chuo nilianguka mara mbili. Cheti tulikitengeneza sebuleni kwake, mchana kweupe, yeye akisoma maneno na mimi nikichapa.

Basi diski arobaini zikaenda hospitali, kitengo cha picha, wanakopiga picha za ndani ya mwili. Zilichukua wiki sita kujaa.

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta wa hospitali aliingia kwetu bila miadi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekasirika kwa namna ya watu wapole, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Aliweka diski mbili juu ya meza ya mapokezi kama anayerudisha samaki waliooza.

Akauliza ni nani aliyetia sahihi ile ripoti. Wifi yangu alikuwa amesimama karibu. Hakusita hata kidogo, alininyooshea kidole.

Tuliitwa kwa Mkurugenzi. Huyu ni mtu wa maneno machache. Mkigombana mbele yake, huvua miwani akaipangusa, taratibu, mpaka mmoja wenu achoke. Siku hiyo aliipangusa muda mrefu.

Fundi alieleza. Mashine inapiga picha mamia kwa mgonjwa mmoja na kuzimwaga kwenye kompyuta. Wakati zinaingia, daktari anatakiwa kufungua za mgonjwa aliyetangulia. Siku za mwanzo mambo yalikwenda kama maji. Sasa ikifika saa nne asubuhi kila kitu kinaganda, na foleni inafika mlangoni.

Wifi yangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema neno moja ambalo bado linanichoma.

"Sisi wa mauzo tunauza kilichoandikwa. Aliyepima ni yeye."

Nilimtazama. Hakupepesa. Mwanamke huyu ndiye aliyenivalisha shela siku ya harusi yangu.

Mkurugenzi akaamua kesho yake twende hospitali, mimi na wifi, nikapime mbele ya wenyewe. Fundi akasema sawa. Alipokuwa anatoka alinipita karibu, akaniuliza taratibu kama hata mimi hununua vitu kwa kusoma boksi.

Jumanne tulikwenda kwa gari la kampuni. Wifi aliendesha. Njia nzima aliongea na wateja kwenye simu, akicheka nao, na kila alipokata simu kicheko kilikatika nayo. Tulipofika kwenye geti aliniambia nifanye kazi iliyonileta na nisifungue mdomo kwa lingine.

Chumba cha picha kilikuwa baridi kama ndani ya friji. Daktari wa picha alikuwa mama mfupi aliyevaa sweta juu ya koti jeupe, macho mekundu, na hakutusalimia. Alimwambia fundi ana wagonjwa kumi na wanane ukumbini, kwa hiyo kama tumekuja kuongea, tukaongelee nje.

Nikafungua programu. Nikabonyeza.

Elfu tatu na mia nne.

Nikarudia. Elfu tatu na mia nne tena. Wifi yangu akashusha pumzi, akageuka kumtazama fundi kama anavyotazamwa mtu aliyeshikwa akiiba kuku.

"Kaka, umetutoa watu kazini bure," alimwambia. "Kaangalie nyaya zenu."

Fundi aliduwaa. Mimi nilishamwelewa kabla hajaeleza. Nikamuuliza kama ameigusa ile diski. Akasema jana jioni alihamisha kila kitu kilichokuwemo na kuifuta kabisa, ili mimi nipate nafasi nzuri ya kupimia.

Alinifanyia wema, masikini, na wema wake ukampa wifi yangu ushindi. Diski tupu hudanganya. Ina nafasi pana ya kupokelea mizigo kwa haraka. Ikijaa, nafasi ile hubana, mizigo inabaki mlangoni.

Nakiri hapa mbele yenu: nilifikiria kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kimenikalia vizuri. Namba ilikuwa kwenye kioo, kubwa, ya kijani. Ningefunga begi langu, lawama ingemwangukia fundi na nyaya zake, na cheti changu kingeendelea kulala kwenye faili lake. Nilishaanza kuviringisha waya.

Daktari ndiye aliyenizuia, na wala hakukusudia. Alikuwa anavaa glavu, akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba hata yeye Alhamisi alidhani ni nyaya.

Nikauliza Alhamisi kulikuwa na nini.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Alisema aliletwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa makamo, ameanguka kutoka kwenye ngazi. Picha za kichwa zilipigwa mara moja. Kuzifungua ndiyo ikawa kazi. Kompyuta ilikuwa inapokea picha za wagonjwa wengine, ikagoma. Daktari wa upasuaji alisimama hapo hapo niliposimama mimi, ameshanawa mikono, wanatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo.

"Mgonjwa yukoje?" nikauliza.

"Yu hai. Mkono wa kulia hausikii." Akamaliza kuvaa glavu. "Siwezi kukwambia ni dakika zile. Wala siwezi kukwambia si zile."

Mpaka rangi, na mkono wa kulia.

Niliukunjua tena waya. Nikamwomba fundi anipe kiti. Nikatoa kwenye begi diski yangu ya majaribio iliyojaa mafaili, nikaanza kuijaza ile ya hospitali. Wifi akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nafanya kazi iliyonileta.

Ilichukua saa moja na nusu. Mwanzoni namba ilikuwa nzuri, na wifi alikaa ameegemea ukuta, simu mkononi, anatabasamu kwa upande mmoja. Kisha namba ikaanza kushuka. Elfu mbili. Mia tisa. Mia nne. Ilipofika themanini haikupanda tena, na fundi akavuta kiti chake akaketi karibu yangu.

Ilipojaa robo tatu, nikamwomba daktari afungue picha za kichwa, zozote, huku mafaili yangu yanaendelea kuingia. Akabonyeza. Nikabonyeza saa yangu.

Kiduara kilizunguka. Mtu alikohoa ukumbini. Daktari alisimama amekunja mikono, macho kwenye kioo, na nikaona taya lake linavyokaza.

Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Nilimwonyesha saa. Hakuitazama. Aliniuliza swali moja tu: kama jambo hili nililigundua leo au nililijua.

Wifi yangu alikohoa. Nilimsikia vizuri, na nilielewa kikohozi kile kinasema nini.

"Nililijua," nikasema.

Daktari hakunitukana. Heri angenitukana. Alimwambia fundi afungue mlango, aite mgonjwa anayefuata, na atuondoe pale.

Ndani ya gari wifi aliendesha mpaka barabara ya pili ndipo akasimama pembeni. Alizima injini. Aliongea bila kupandisha sauti. Alisema amenibeba miaka minne. Amenitoa kwenye kibanda cha kubandika vioo vya simu, amenipa meza, amenipa heshima, na mimi nimemvua nguo mbele ya wateja. Alisema kesho, kabla ya saa nne, Mkurugenzi atakuwa na habari za cheti.

Nikamkumbusha cheti tulikitengeneza wote.

"Jina lililoandikwa pale ni lako," akasema, akawasha gari.

Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Mume wangu hutengeneza mafriji. Alikuwa kibarazani na mota moja mapajani, mikono imejaa grisi. Hakuuliza siku yangu ilikwendaje. Alisema dada yake amempigia simu akilia.

Sijawahi kumwona wifi yangu akilia. Hata kwenye msiba wa baba yao alikuwa anapanga viti.

Nilimweleza mume wangu yote, pamoja na habari ya mpaka rangi. Alisikiliza huku anafuta mota kwa kitambaa. Nilidhani linamwingia. Nilipomaliza akasema kuna mambo ya kazini na kuna mambo ya damu, na mtu mwenye akili hayachanganyi. Asubuhi niende nimwombe dada yake radhi kabla hajafika kwa Mkurugenzi. Akinisamehe, yaishe.

"Na yule aliyeanguka?"

"Wewe ndiye uliyemsukuma kwenye ngazi?"

Aliuliza kweli, hakuwa anakejeli. Ndipo nilipojua nimebaki peke yangu. Tulikula kila mtu na upande wake wa meza. Alipoosha mikono aliniambia bila kugeuka kwamba nikifukuzwa kazi, nisimtegemee yeye kwenda kwa dada yake kunipigia magoti. Mke anayejua cheti chake ni cha uongo, alisema, hana ubavu wa kuhubiri ukweli.

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Niliwaza sana. Nikaona njia moja tu. Kinachoniua si kosa langu, ni kwamba limefichwa mkononi mwa mtu mwingine. Nikilitoa mwenyewe, wifi atabaki na mkono mtupu. Nitapoteza kazi, lakini sahihi yangu nitairudisha, na diski zile zitatolewa hospitali.

Nilijiona mjanja. Ngojeni muone ujanja wangu ulinifikisha wapi.

Jumatano nilifika mapema kuliko mfagiaji. Wifi naye alifika mapema. Tulikutana kwenye ngazi, hatukusalimiana, tukapanda pamoja kama watu wanaokwenda kupatanishwa. Mkurugenzi alikuwa ameshafika. Wifi akafungua mdomo, mimi nikamtangulia.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kwamba diski nilizipima kwa njia mbili nikaandika moja. Kwamba nilifanya hivyo kwa woga. Kwamba cheti changu ni cha kughushi, nilianguka mtihani wa mwisho mara mbili, na niko tayari kuondoka leo hii, ila kwanza niruhusiwe kuandika ripoti ya kweli ipelekwe hospitali. Jina la wifi sikulitaja. Sijui kwa nini. Labda zile saa za kunivalisha shela.

Nilipomaliza, kifua kilikuwa chepesi, chepesi kabisa, kama mtu aliyetua ndoo.

Mkurugenzi alivua miwani. Akaipangusa. Akaivaa tena.

"Kaa chini," akasema. "La cheti nalijua. Nilipiga simu chuoni wiki ile ile uliyoleta maombi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini basi aliniajiri.

"Kabla yako nilikuwa na mpimaji mwenye cheti halisi. Aliandika namba zote." Alisema hivyo bila chuki, kama anayeeleza bei ya kitu. "Nikatafuta mtu atakayeniandikia ninazozihitaji."

Ule wepesi wa kifuani uligeuka jiwe. Miaka minne. Miaka minne nilidhani nimemdanganya yeye. Kila nilipotia sahihi nikijiona nimeponea chupuchupu, yeye alikuwa amekaa anajua hasa kwa nini mkono wangu hautagoma.

Kisha akamgeukia wifi yangu. Alimwambia anajua pia kile cheti kilichapwa kwenye mashine ya nani, maana karatasi yake ina mstari uleule mwembamba wa wino ulioko kwenye barua zote alizokuwa akichapa nyumbani. Kwa hiyo hakuna haja ya kuja kumshtaki mtu asubuhi asubuhi.

Nilimtazama wifi. Uso ulikuwa umemwisha damu. Tangu niolewe kwenye ukoo ule sikuwahi kumwona anaogopa, na sikufurahi kama nilivyodhani siku moja ningefurahi.

Mkurugenzi alifungua droo, akatoa karatasi mbili zilizokwisha kuchapwa, akazisukuma upande wangu. Ilikuwa ripoti mpya. Ilisema diski za hospitali zilikuwa na hitilafu ya katoni moja, na kwamba zitabadilishwa zote kwa nyingine arobaini, zilizopimwa upya na kuthibitishwa na mpimaji.

Niliuliza hizo nyingine ziko wapi. Akasema stoo. Nikauliza ni za aina gani. Akazisogeza karatasi karibu yangu zaidi, na sikuhitaji anijibu. Nilizipanga mwenyewe kwenye rafu mwezi uliopita. Ni zile zile, zimebadilishwa boksi tu. Zingekaa wiki sita nyingine, kisha zingelala tena, na wakati huo ngazi ingekuwa ya mtu mwingine.

"Tia sahihi, urudi kazini," akasema. "Usipotia, nitaita polisi kwa ajili ya kile cheti. Nitawaita kwa ajili yenu wote wawili."

Kabla sijashika karatasi, mlango uligongwa. Dada wa mapokezi alichungulia akasema fundi wa hospitali amekuja kama alivyoitwa, na nyuma yake fundi mwenyewe akaingia, begi mgongoni. Alimsalimia Mkurugenzi. Alinisalimia na mimi, kwa sauti tofauti na ya juzi. Mkurugenzi akamkaribisha, akamweleza kwa maneno laini kwamba tatizo limetatuliwa, diski mpya ziko tayari na ripoti ndiyo ile pale mezani.

Fundi aliichukua. Aliisoma yote, amesimama, mstari kwa mstari, mpaka chini palipoachwa wazi kwa sahihi yangu. Kisha akaniuliza mimi, si Mkurugenzi.

"Dada, hizi umezipima wewe mwenyewe? Zikiwa zimejaa?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa na jibu, ila mpaka leo sijui lilikuwa lipi. Nilimwona mume wangu na mota yake. Nilimwona daktari anakaza taya. Niliona mlango wa kituo cha polisi.

Sikuwahi kujibu, kwa sababu kuna mtu alinitangulia.

"Hajazipima," wifi yangu alisema. Alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, sauti yake imekauka. "Ni zile zile, kaka. Usizichukue."

Mkurugenzi alivua miwani, lakini safari hii hakuipangusa. Aliinyanyua simu ya mezani, akamwomba fundi atoke nje kidogo.

Fundi aliikunja ile ripoti, akaitia begini. Badala ya kutoka, akavuta kiti, akaketi kati yangu na mlango.